Vitanda Vingapi, na Wagonjwa Wasema Lugha Gani?

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, mlango wetu hapa Langoni, mjini Lamu, ambao sisi twauita Amu, haufungwi. Huja mama na binti yake anayetaka kusomea udaktari chuo cha ng'ambo. Binti ameshika bahasha, mama amemshika binti. Tukishasalimiana na kuulizana habari za wazee na za watoto, kahawa ikamiminwa, mama huuliza lile lile aliloliuliza marehemu baba yangu mwaka 2012: "Daktari, huko ni wasichana watupu?" Humjibu. Kisha nami huuliza langu, ambalo sisi nyumbani kwetu hatukuliuliza: hospitali wanayojifunzia wanafunzi wa chuo hicho ina vitanda vingapi, na wagonjwa wake wasema lugha gani?

Wengi hunitazama kana kwamba sikuwasikia. Ndiyo sababu nimeona niandike, maana si kila mama wa Faza au Kiunga aweza kupanda boti aje Amu kuniuliza, na karo ya chuo cha udaktari ikishatoka mkononi hairudi.

Mimi nilipata B+. Shuleni kwetu ilikuwa furaha, mwalimu wa kemia alikuja nyumbani kutupongeza na mkate wa mayai. Kwa nafasi ya udaktari inayolipiwa na serikali haikutosha. Kikakaa kikao cha ukoo ukumbini kwetu, wanaume upande mmoja, mama na shangazi zangu upande wa pili, na bibi yangu mzaa mama katikati, kwa sababu bibi hukaa atakapo.

Mama alitaka nikasomee uuguzi chuo cha KMTC, kile cha serikali cha mafunzo ya tiba, huku huku Pwani. Miaka mitatu, alisema, si mbali, jamaa zako wako, na ukimaliza unarudi kwenu na cheti kinachojulikana. Ilikuwa hoja nzuri kuliko zote zilizotolewa siku ile, na mpaka leo nasema hivyo. Katika zahanati zetu za visiwani, muuguzi na afisa wa kliniki ndio wanaompokea mgonjwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Daktari huenda asimwone kabisa. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetia moyoni niwe daktari, na nililia mpaka mama akanyamaza.

Ami yangu wa Mombasa alikuja na wakala. Wakala alikuwa na karatasi zing'aazo za chuo kimoja cha ng'ambo, zenye picha za maabara na wanafunzi wanaocheka wakiwa na makoti meupe. Ami alikuwa ameshatoa arbuni kwa ajili ya binti yake, binamu yangu, na alitaka twende pamoja. Baba alikataa kwa sababu moja: wanaume na wanawake walichanganyika, mpaka bwenini. Binamu yangu akaenda peke yake. Alirudi baada ya miaka miwili. Wageni walifundishwa kwa Kiingereza katika kundi lao mbali na wenyeji, na lugha ya wagonjwa walifundishwa saa chache tu kwa wiki. Walipofikishwa wodini walisimama nyuma ya kitanda wakitazama mgongo wa daktari mwenyeji akiongea na mgonjwa, kisha wakasimuliwa yaliyosemwa kwa sentensi mbili. Alipojaribu kuhamia chuo cha hapa Kenya, masomo yake ya miaka miwili hayakuhesabiwa. Arbuni haikurudi, karo haikurudi, na yeye mwenyewe alichukua muda mrefu kurudi katika hali yake.

Chuo changu kililetwa na mwalimu wetu wa madrasa, aliyesoma Sudan. Kiko Omdurman, alisema, ng'ambo ya Nili kutoka Khartoum, wanafunzi wake ni wanawake watupu, nao wafundisha udaktari kwa Kiingereza. Jina lake Ahfad, yaani wajukuu. Baba alisikia "wanawake watupu" akatulia uso mzima.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi baba alikosea kutaka stara ya binti yake. Mtoto wa kike wa Amu hufunzwa kwamba kuna mazungumzo ya wanawake na kuna mazungumzo ya mbele za watu, na baba alijua nikitupwa ghafla kati ya wageni wa kiume huenda nikanyamaza miaka yote sita. Ninalosema ni kwamba aliishia hapo. Baba alikuwa nahodha. Hakupata kununua mashua bila kuipindua ufukweni, aone mkuku, apigepige mbao kwa ngumi, atie kidole penye kalafati. Chuo cha binti yake alikitazama kwa juu tu, na sote tukakubali. Kwamba kilikuwa kizuri ilikuwa bahati yetu. Binamu yangu hakuwa mzembe kuliko mimi.

Habari za chuo chenyewe nilizijua nilipofika, nazo zilinifanya nikipende. Babiker Badri, mzee aliyepigana ujanani mwake katika jeshi la Mahdi, kiongozi wa dini aliyeitwaa Sudan kabla ya Waingereza, alifungua shule ya wasichana mjini Rufaa, kwenye Nili ya Buluu, mwaka 1907. Watawala wa Kiingereza hawakuitaka mwanzoni, na wenyeji wengi waliiona aibu. Akaanza na binti zake mwenyewe na wa jirani, katika nyumba ya udongo. Mwanawe, Yusuf Badri, ndiye aliyeanzisha chuo cha wanawake Omdurman mwaka 1966; masomo ya udaktari yakaongezwa mwaka 1990, na mwaka 1995 kikawa chuo kikuu. Nilipomsimulia bibi kwa simu kwamba mzee wa watu alianza na binti zake, alinyamaza kidogo akasema, "Huyo aliona mbali. Nchi nyingine wazee huanza na wana wa wenzao."

Fedha zilikuwa mtihani wa pekee. Sudan ilikuwa chini ya vikwazo vya Marekani tangu mwaka 1997, navyo vya biashara na benki havikuondolewa mpaka Oktoba 2017. Kadi ya benki ya Kenya haikutoa hata senti huko. Mama aliuza vikuku vyake vya dhahabu, tukabadilisha tukapata dola, bibi akazishona ndani ya mshipi wa kitambaa nikaufunga kiunoni kutoka Mokowe mpaka Omdurman. Kila mwaka ilikuwa hivyo: ama nibebe mwenyewe, ama nimpe amana msafiri mwaminifu. Mzazi anayeuliza karo ya chuo cha nje na auulize pia hizo fedha zitafikaje, na zitabadilishwa kwa bei gani. Mimi nilishuhudia wasichana wenye wazazi wenye uwezo wakikosa kula kwa sababu mtu aliyebeba bahasha amechelewa.

Bweni huko huitwa dakhlia. Chumbani tulikuwa wanne: mmoja wa Darfur, mmoja wa Port Sudan, mmoja wa Gedaref, na mimi wa Amu, mtu wa bahari niliyeletwa kwenye mji wa vumbi. Dhoruba ya mchanga waiita habubu. Hutoka upeoni kama ukuta wa rangi ya tofali, na ikishapita waokota mchanga ndani ya sanduku uliloliacha limefungwa. Tuligombania maji. Sitaki mtu asome habari za chuo cha wanawake akadhani ni udugu tangu asubuhi hadi jioni. Ijumaa, siku ya kufua, pipa likiwa moja na ndoo kumi, nilisikia maneno ambayo sikupata kuyasikia hata Mkunguni, uwanjani kwetu Amu. Na nilitamani nazi. Asubuhi ful, yale maharagwe yao, jioni ful, na mimi ninaota mkate wa mofa na samaki wa kupaka. Lakini mwezi wa Ramadhani mama wa yule wa Gedaref alituletea hulumuru, kinywaji chao cha mtama kilichokauka kama karatasi, waloweka kwenye maji ya baridi. Nikalia kwenye futari, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mama wa mtu mwingine kunihesabu.

Sasa niseme la wanawake watupu, maana ndilo mama huja kuliulizia.

Wiki ya kwanza, katikati ya somo, umeme ulikatika na projekta ikazima. Mimi nilikaa nikangoja mtu aje. Nyumbani na shuleni, umeme ukikatika huja mtu: mlinzi, fundi, kaka. Msichana wa safu ya mbele akavuta meza, akakunja tobe lake, vazi lao la kujitanda, akapanda juu kufuatilia waya. Mwingine akaenda kwenye jenereta. Hakuna aliyeona ajabu ila mimi. Na ikawa hivyo kwa kila kitu: kubeba mizigo ya kliniki, kuongoza kikao cha wanafunzi, kumbishia mhadhiri, kushika kisu kwanza kwenye chumba cha anatomia. Wahadhiri walikuwa wanaume na wanawake, lakini upande wa madawati hapakuwa na mvulana wa kumwachia. Miaka mitatu ya kujua kwamba usipopanda meza hakuna wa kuipanda, hubaki mwilini.

Kwenye anatomia nilikuwa na faida moja. Bibi yangu ni mkunga, naye pia huosha maiti wa kike, na nilikuwa nimemshikia maji tangu nina miaka kumi na mitano. Mwili uliotulia haukunitisha. Yule wa Port Sudan alizimia. Nilimweka chini nikamwinua miguu, kisha tukasimama sote kuzunguka meza tukamsomea marehemu Fatiha, kwa kuwa hatukujua kama ana mtu wa kumsomea. Kila wiki kabla ya kuanza tulifanya hivyo. Hakuna aliyetuamuru.

Lakini hospitali si ya wanawake watupu, na hapo ndipo nilipokuta upungufu wangu mwenyewe. Katika wodi ya wanaume ya hospitali moja, mzee mmoja alikuwa amefungika mkojo tangu usiku. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilirudi nyuma hatua mbili nikitafuta kwa macho mwanafunzi wa kiume wa chuo kingine. Daktari wetu mkuu, mwanamke wa makamo, aliniona. Alinivuta pembeni akaniambia kwa upole, "Mzee huyu hamtafuti msichana wala mvulana. Amtafuta mtu wa kumtoa maumivu." Nilirudi kitandani. Mzee alifumba macho kwa haya, nami mikono yangu ilitetemeka, lakini mpira uliingia na maumivu yakamtoka, akaniombea dua ndefu ambayo nusu yake sikuielewa. Kwa hivyo mama akiniuliza kama chuo cha wanawake kitamkinga binti yake asimguse mwanamume, nampa jibu la kweli: hapana, na kisimkinge. Kitampa miaka ya kuzoea sauti yake kwanza.

Nimesema nusu ya dua sikuielewa. Hilo ndilo lililonifunza swali langu la lugha.

Nilikwenda Sudan nikijiona mwenye Kiarabu. Nimekulia kando ya msikiti wa Riyadha, nimehitimu madrasa, nilisoma maulidi bila kutazama kitabu. Kiarabu cha darasani na cha msikitini nilikifuata. Kisha nikapelekwa wodini, mwaka wa nne, nikakutana na bibi kizee amejifunika gubigubi, anatetemeka. Nikamsalimu, nikamuuliza ana nini. Akasema, "Indi wirda." Mimi nikasikia uradi. Nilidhani aniambia ana uradi wake wa kusoma, nimwache amalize. Kwetu mzee akiwa kwenye uradi haingiliwi. Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikavuta kiti, nikakaa kando nikingoja, naye akinitazama. Nusu saa nzima. Alipokuja daktari akamgusa paji la uso, akaniuliza nimemtoa damu saa ngapi. Wirda kwa Wasudani wa kawaida ni malaria.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikulala. Kitabu changu cha tiba ya maradhi ya joto kilikuwa na kurasa nyingi za malaria na nilizijua zote. Kilichonishinda ni neno moja la bibi kizee. Nikafahamu kwamba binamu yangu, kule alikokuwa, alisikia uradi kila siku kwa miaka miwili.

Dawa yake niliipata nje ya lango la dakhlia, kwa mama muuza chai. Wanawake hawa walikuwa kila pembe ya Khartoum na Omdurman, wamekaa kwenye viti vya chini na mkaa na mitungi ya viungo, wengi wamekimbia vita vya Darfur na Milima ya Nuba. Wa kwetu alitoka Nuba. Kila alasiri nilikaa kwake na glasi ya karkade, kinywaji cha maua mekundu, nikamwomba anisimulie mtu akiumwa tumbo husemaje, mtoto akiharisha husemaje, mwanamke ambaye hataki kutaja mahali panapouma hutumia neno gani. Alinifunza kwa subira ya mama. Ada yangu ilikuwa bei ya chai. Hakuna mhadhiri aliyenipa zaidi ya alivyonipa yeye, na jina lake nalitaja katika dua zangu.

Tena, wagonjwa wenyewe ndio chuo, na ndiyo sababu nauliza vitanda. Sudan niliona mguu wenye maisetoma, ule uvimbe mgumu unaotoboka vijishimo vyenye chembe nyeusi, unaompata mchungaji au mkulima aliyechomwa na mwiba akapuuza. Khartoum kilifunguliwa kituo cha utafiti wa maradhi hayo mwaka 1991. Niliona kalazari, homa inayovimbisha wengu, kutoka upande wa Gedaref, niliona kichocho cha Gezira penye mifereji ya mashamba ya pamba. Haya ni maradhi ya watu wa hali ya chini kwenye nchi za joto, yaani maradhi ya watu wetu. Binti wa Pwani akisomea mahali ambapo wodi zimejaa maradhi ya wazee wa nchi za baridi, atakuwa daktari mzuri wa wazee hao. Basi muulize anayekuuzia chuo: kwa wiki mwanafunzi humwona mgonjwa mara ngapi, na humgusa, au humtazama?

Kitu nilichokipenda kuliko vyote Omdurman ni hospitali ya uzazi. Wenyeji huiita Dayat, yaani wakunga. Mji ule una historia ndefu ya ukunga: mwaka 1921 Mwingereza mmoja, Mabel Wolff, alifungua hapo shule ya kuwafunza wakunga wa Kisudani. Kabla yake walikuwako wakunga wa kamba, walioitwa hivyo kwa sababu mwenye kuzaa alining'inia kwenye kamba iliyofungwa juu. Wanawake waliokuja kusoma wengi hawakujua herufi. Basi walifunzwa kutambua dawa kwa pua na kwa ulimi na kwa vidole: hii ndiyo ya kuoshea, hii ndiyo ya macho ya mtoto. Hawakusoma kibandiko, walinusa chupa.

Nilimpigia bibi usiku ule ule. Bibi yangu amezalisha nusu ya Langoni, asoma Qurani vizuri, lakini kibandiko cha dawa hakukijua hata siku moja. Miaka yote, maafisa wakija kwenye semina huwakalisha wakunga wa jadi nyuma, wawaambie waliyoyakosea. Nilipomwambia kwamba kulikuwa na shule iliyowapokea wanawake kama yeye na kuanza na pua zao, alikaa kimya mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniuliza, "Na walifaulu?" Nikamwambia, "Walifaulu, bibi. Walipewa masanduku yao ya kazi wakarudi vijijini." Akasema, "Nilijua."

Nilihitimu mwaka 2018. Nilifanya mtihani ambao waliosomea nje hufanyishwa kabla ya kuruhusiwa uanagenzi. Nilisoma miezi mitano kwa ajili yake, nikapita. Mwaka wa uanagenzi ukaenda kama kila mwanagenzi anavyoujua, usingizi mdogo na miguu kuvimba. Kisha nikarudi Amu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, usiku wa kusi, boti ilileta mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa kutoka bara. Ametahiriwa na kushonwa utotoni, mtoto amefika mlangoni na njia haipo. Kumpeleka Malindi au Mombasa maana yake ni kumrudisha majini hadi Mokowe, kisha gari hadi Witu na Garsen na kuendelea. Hakuwa na saa hizo. Muuguzi aliyekuwa zamu alinitazama. Nilikuwa nimesimama mara nyingi kando ya wakunga wa Omdurman wakifungua njia ile, nikafunzwa mahali pa kukata na mahali pa kutogusa, na namna ya kuzungumza na mama wakati huo huo ili asirudishwe kwenye siku ile ya utoto wake. Kenya ilikataza kuwatahiri wanawake kwa sheria mwaka 2011, Sudan mwaka 2020, lakini wanawake waliofanyiwa kabla wangali wanazaa. Mtoto alikuwa wa kike. Mama yake alinishika kidole akakataa kukiacha. Sikujua wakati nilipokuwa na bahasha yangu mwaka 2012 kwamba ninachagua kuwepo pale usiku ule, lakini ndicho nilichokuwa nachagua.

Kisha ikaja tarehe 15 Aprili 2023, kumi la mwisho la Ramadhani, na vita vikaanza Khartoum. Wenzangu wa chumbani wametawanyika. Wa Darfur hutuma sauti ya dakika moja kila baada ya wiki kadhaa, aseme yu hai, aniulize hali ya bibi. Msichana mmoja wa Malindi, ambaye mimi mwenyewe nilimshauri aende, alikuwa mwaka wa tatu. Alitoka kwa basi hadi mpaka wa Ethiopia, akafika Gondar na simu na nguo alizovaa. Alipotaka kuendelea na masomo kwingine aliulizwa nakala za matokeo yake, zilizothibitishwa. Zilikuwa Omdurman. Hilo lanikaa kifuani, kwa kuwa nilimfundisha kuuliza vitanda na lugha, sikumfundisha kila muhula kuchukua karatasi zake, kuzithibitisha na kuzituma nyumbani. Sasa nalisema kabla ya yote. Tena nawaambia wamwandikie barua Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Nairobi, wapate jibu la maandishi kuhusu chuo wanachokitaka kabla ya kutoa hata arbuni. Iko pia orodha ya dunia ya vyuo vya tiba kwenye intaneti, ya bure. Chuo kisipokuwemo, kaa mbali. Kikiwemo, bado endelea kuuliza, maana orodha ile yaonyesha kwamba chuo kipo, haithibitishi ubora wake.

Januari iliyopita alikuja binti mmoja wa Faza na mama yake. Alama zake nzuri kuliko zangu. Mama akauliza la wasichana watupu, nikamjibu. Nami nikauliza la vitanda, binti akatoa daftari akaanza kuandika, jambo lililonifurahisha. Bibi alikuwa amekaa dirishani. Siku hizi macho yake hayaoni ila mwanga, na watu wakija hunyamaza. Lakini alasiri ile akapapasa chini ya mto, akatoa kichupa kidogo, akasema kwa Kiamu, "Mwanangu, ndoo hapa," yaani njoo.

Binti akaenda akapiga magoti mbele yake, akambusu mkono.

"Nusa. Ni nini?"

"Karafuu, bibi."

"Na nini?"

Mama yake akanitazama, nami nikanyamaza. Binti akaweka daftari chini, akafumba macho, akanusa mara ya pili.